Usiku wa Mbalamwezi Hawavui Dagaa

Tinde, 15 Januari 2023

Mdogo wangu Scolastika, Mama Rebeka,

Mhola? Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua ilichelewa, mahindi ya kwanza yakakauka, tumepanda upya. Yule ng'ombe uliyemwacha kwangu amezaa ndama jike mwenye baka jeupe shingoni. Wifi yako Melania goti linamsumbua, lakini kanisani hakosi.

Usishangae kuona nakuandikia kwa mkono. Simu ya nyumba hii anashika Melania, na akiongea huweka sauti kubwa mpaka jirani anajibu. Jambo hili sitaki alisikie. Barua analeta Marselino, dereva wa lori la dagaa anayepita hapa akitoka kwenu. Jibu lako mpe yeye, aliache kwa fundi baiskeli pale njia panda.

Jambo lenyewe ni Abel. Mama yake anajua kwamba kijana anauza dukani Katoro. Mimi mwenyewe nilijua hivyo mpaka mwezi uliopita nilipokwenda Katoro kununua dawa ya ng'ombe nikalitafuta hilo duka. Hakuna duka. Nilielekezwa machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, nikamkuta anatoka shimoni, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga. Nikamwambia, "Abel, ni hapa?" Akasema, "Baba, hapa ndipo kuna kazi." Nikasema, "Hapa ndipo tulipomtoa kaka yako." Akanijibu bila hata kunitazama: "Hapana. Benjamini alikuwa duara la pili, shimo lile pale."

Hatua arobaini, Scolastika. Nilizihesabu.

Nimebaki na huyo mmoja. Kifusi kikimfunika naye, Melania hataamka tena. Nakuomba umchukue. Wewe una vyombo na wavuvi, una heshima hapo mwaloni mnapoegesha vyombo, umo mpaka kwenye kamati ya ulinzi wa ziwa. Mimi ziwa silijui. Nimeliona mara moja tu, tulipokuja kumzika shemeji, nikaona maji hayana mwisho nikageuza macho. Kwa hiyo nieleze kama unavyomweleza mtoto: mna mitumbwi ya aina gani, kila mmoja unakwenda wapi na kufanya nini, na wewe Abel utampandisha upi. Nataka nikilala nijue mwanangu amekaa wapi.

Kaka yako,
Ndaki


Mwalo wa Nyakasonge, 12 Februari 2023

Kaka Ndaki, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa ndama. Usimuuze! Rebeka anakusalimu kutoka chuoni Mwanza, amefaulu mitihani yote isipokuwa hesabu, na hapo amenifuata mimi. Wifi mpe pole ya goti. Apake mafuta ya sangara yaliyomo kwenye chupa hii, yananuka lakini yanasaidia.

Abel ninaye. Nilikwenda Nyarugusu mwenyewe Jumatano, nikasimama mdomoni mwa lile duara kama mgambo. Alipotoka nikamwambia, "Chukua nguo zako." Akasema, "Shangazi, nina zamu kesho." Nikamwambia, "Zamu ya kesho ataingia mwingine." Kaka, akaanza kulia palepale mbele ya wenzake. Nadhani alikuwa anasubiri mtu wa kumwambia hivyo, basi tu.

Sasa ulichoniuliza. Sisi huku chombo hufuata samaki. Nina mitumbwi miwili yenye namba. Wa kwanza ni wa dagaa, mpana tumboni kama beseni, maana lazima ubebe taa za sola, wavu mzito, watu wanne, na kurudi na mzigo. Huo hauendi mbali. Wavuvi wanaziweka taa juu ya maji, wanakaa kimya, dagaa wanakuja kwenye mwanga, wavu unawazunguka kwa chini. Macho yake ni madogo, mbegu ya mchicha haipiti. Unafanya kazi siku za giza tu. Mwezi ukijaa ziwa lote linakuwa taa, dagaa hawana haja na taa yetu, na wavuvi wanalala kwa mama zao.

Wa pili ni wa sangara. Mrefu, mwembamba, una mkuku unaokata mawimbi, nyuma injini. Huo unakwenda mbali mpaka nchi haionekani. Nyavu zake macho ni inchi sita, ngumi yako inapita. Zinategwa jioni, alfajiri zinavutwa. Samaki mdogo anapita zake, anabaki mkubwa. Ndiyo sheria, na mimi kama mjumbe wa kamati nimewahi kuchoma kwa mkono wangu nyavu za watu waliokiuka. Wapo pia wa ndoano, wanakaa na chambo siku nzima, lakini hao ni watu wenye subira kuliko ukoo wetu.

Abel nimempandisha wa dagaa. Uko karibu na nchi, una watu wazima, na nahodha wake Mageni ana miaka ishirini majini. Ila Abel hajui kuogelea. Nilicheka, nikakumbuka kwamba Tinde mtu angeogelea wapi.

Lala, kaka.

Mdogo wako,
Scolastika


Tinde, 26 Machi 2023

Mama Rebeka,

Wabeja sana, nashukuru. Barua yako nimeisoma mara nne, kila mara zizini ili nisionekane. Goti la Melania limepata nafuu, ila nyumba nzima inanuka samaki na ameniuliza chupa ilitoka wapi. Nimesema kwa Marselino. Si uongo.

Mahindi yamesimama. Mzee Bujiku, jirani yetu wa bondeni, amefariki, tumemzika Jumamosi.

Nimekuelewa kuhusu mitumbwi. Sasa nikiona mwezi umekonda naomba Mungu, na ukijaa nalala usingizi, maana najua Abel yuko nchi kavu. Imekuwa kama kazi yangu.

Nina mawili ya kukuomba. La kwanza, usimhamishe kwenye ule mpana. Yeye akiomba, kataa. Namjua, kitu kikimwendea vizuri anataka kingine. La pili, mfundisheni kuogelea. Sijui inachukua siku ngapi lakini anzeni.

Ndaki


Mwalo wa Nyakasonge, 4 Juni 2023

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya, kazi zimekuwa nyingi. Poleni kwa msiba wa mzee Bujiku, alikuwa mtu mwema, alinipa miwa nikiwa mdogo. Huku mvua zimekwisha na upepo wa kusi umeanza. Rebeka yupo mazoezini, anafundisha shule moja Sengerema. Paa la jiko langu liling'oka, limerudishwa. Marselino amepata mtoto wa kike, wamemwita Blessing, mpe hongera akipita. Bei ya dagaa imeshuka kidogo halafu imepanda tena.

Abel mzima. Anakula, analala, hana homa. Alitaka kukuandikia mwenyewe lakini usiku huu wanaingia ziwani kuvua dagaa, wapo ufukweni wanapakia taa, naye yumo.

Nimewatumia gunia la dagaa. Wifi mwambie ni la biashara lililobaki.

Scolastika


Tinde, 25 Juni 2023

Mama Rebeka,

Gunia limefika. Dagaa ni wazuri. Hongera nimempa Marselino, akafurahi, nikamuuliza habari za Abel, akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Nikamuuliza tena. Akasema, "Baba, hilo muulize Mama Rebeka mwenyewe."

Kwa hiyo nakuuliza.

Barua yako ina tarehe nne Juni. Usiku wa tarehe nne Juni mimi nilikuwa porini natafuta mtamba aliyekatika kundini. Sikuwa na tochi. Mwezi ulikuwa umejaa mpaka niliziona kwato zake kwenye mchanga. Nilitembea nikasema moyoni, leo Abel amelala. Wiki iliyofuata inafika karatasi yako inaniambia usiku uleule Abel anapakia taa kwenda kuvua dagaa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwezi ukijaa dagaa hawavuliwi.

Mimi ni mchunga ng'ombe, Scolastika, mwezi siukosei. Kama umemhamishia mtumbwi wa sangara, sema. Nitakasirika halafu nitapoa. Lakini kama alikuwa humo ungesema sangara. Umeandika dagaa kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia, ukasahau kutazama juu.

Niambie yuko chombo gani, na wanavua kwa wavu gani. Mistari miwili inatosha.

Ndaki


Mwalo wa Nyakasonge, 9 Julai 2023

Kaka, shikamoo.

Umenihoji kama askari. Mimi ni mjane, naendesha watu saba, na kila siku kuna injini iliyokufa au mtu aliyekuja kazini amelewa. Tarehe nitakuwa nimekosea. Mtu akichoka hukosea tarehe.

Uliniomba nimtoe Nyarugusu, nikamtoa. Sikukuuliza ulikuwa wapi miezi yote aliyokuwa anashuka shimoni. Nami niulizwe kwa upole.

Abel mzima. Yuko mahali pakavu. Narudia, pakavu. Nakuomba usije, msimu huu barabara ni mbovu na nyumba yangu haina nafasi.

Wifi nampa pole ya goti.

Scolastika


Nyakasonge, kwako, 30 Julai 2023

Scolastika,

Nimekuja. Barabara si mbovu. Nyumba yako ina vyumba vitatu na vyote vimefungwa kwa kufuli. Jirani yako Lusia, huyu mama anayeanika dagaa, amesema umekwenda Mwanza juzi. Nimemwomba karatasi. Naandikia juu ya meza yake ya kuanikia, na inzi wananisumbua, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Kabla ya kuondoka nilimwambia Melania. Yote. Kwamba hakukuwa na duka, kwamba Abel alikuwa Nyarugusu, kwamba nilimleta kwako na sasa sijui alipo. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia. Alisema, "Miaka thelathini na moja nakupikia, Ndaki," akaendelea kuchambua. Sijui amemaanisha nini na nimekuwa naogopa njia nzima.

Lusia hakutaka kusema. Nilikaa hapa jana toka asubuhi, nikamsaidia kugeuza dagaa, na saa saba akachoka kuniangalia. Akasema, "Mzee, mwanao hayupo ziwani. Yupo mahabusu Geita tangu katikati ya Mei." Nikapanda pikipiki mpaka njia kuu, nikafika Geita jioni. Leo asubuhi nimemwona, nikarudi hapa.

Amekonda. Tuliongea kwa dakika chache, askari amesimama karibu. Amenieleza kwamba walikuwa kwenye kamtumbwi kadogo ka kasia, hakana namba, karibu na matete ambako samaki wanazalia. Wavu waliokuwa nao unaitwa timba. Ni uzi mwembamba kama unywele, majini hauonekani, na unachukua kila kitu, mkubwa na mtoto. Boti ya doria ilipotokea, Mageni na mwenzake waliruka, wakaogelea kuingia kwenye matete. Abel alibaki amekaa.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuruka?"

Akasema, "Baba, sijui kuogelea."

Nikamuuliza, "Nyavu ni za nani?"

"Zangu."

"Ulinunua wapi?"

"Kwa mtu."

"Abel. Miezi mitatu ziwani, wewe umepata wapi nyavu?"

Akanisogelea karibu, akaniambia polepole ili askari asisikie: "Shangazi alinitoa shimoni, baba. Usiniulize tena."

Halafu akaniuliza kama mtamba amepatikana.

Yule askari akaniambia, si kwa ubaya, kwamba dhamana iko wazi tangu siku ya kwanza. Wanataka wadhamini wawili wakazi wa huku. Akasema hajajitokeza hata mmoja. Kesi inatajwa, inaahirishwa, na kijana anarudi ndani.

Wewe ni mkazi. Wewe ni mjumbe wa kamati. Wewe ni damu yake.

Sitakwambia la kufanya. Baba alipokufa nilikulea, nikakuambia la kufanya mpaka ulipoolewa, ilitosha. Nakwambia tu ninachokijua. Ninajua ulimaanisha nini uliposema mahali pakavu.

Ndaki


Mwalo wa Nyakasonge, 13 Agosti 2023

Kaka Ndaki, shikamoo.

Leo sina habari za jiko wala za Rebeka. Sikwenda Mwanza. Nilikuwa ndani. Lusia alifunga kufuli kwa nje nilipokuona unashuka kwenye pikipiki. Nilikusikia unakohoa pale mezani siku zote mbili. Nilikuwa nimelala chini, chini ya dirisha, na nyavu zilikuwa chini ya kitanda mbele ya uso wangu. Ulipomaliza kuandika ukaisoma barua kwa sauti ya chini, kama ufanyavyo. Kwa hiyo niliisikia kabla sijaisoma.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mwezi wa nne nyavu zangu za sangara ziliibwa zikiwa zimetegwa ziwani. Zote. Wavuvi walifika alfajiri wakakuta maboya yamekatwa. Mtumbwi mrefu ukakaa ufukweni na injini yake kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Dagaa peke yao hawakutosha kulisha watu saba. Mageni akaniambia, "Mama, wote wanatumia timba, wewe pekee ndiye unayeogopa." Nikamwambia mimi ni mjumbe. Akasema, "Ndiyo maana hawatakukagua."

Hilo neno lilinikaa kichwani siku tatu, halafu nikanunua. Nikakodi kamtumbwi kasikokuwa na namba ili jina langu lisiwemo. Kale hakaendi kwa injini, kanapita kimya kwenye matete, maji ya magoti, kwa hiyo nikajidanganya kwamba hata Abel atakuwa salama zaidi, maji mafupi. Yeye hakuomba kuhamishwa. Nilimhamisha mimi, maana ni damu yangu na hatasema. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kaka. Naona aibu kuandika.

Kuogelea hatukumfundisha. Kila wiki nilisema wiki ijayo.

Walipomkamata nilisema wiki moja nitatafuta njia. Kisha nikaogopa kwenda kumdhamini, wasije wakaniuliza mtumbwi ule naujuaje. Ikawa wiki tatu. Ndipo nikakuandikia ile barua ya tarehe nne, na nilitoka nje kuitia gamu bahasha kwenye mwanga wa mwezi bila kuwasha taa. Niliuona mwezi. Sikuufikiria.

Baada ya wewe kuondoka nilikaa siku mbili. Jumatano kulikuwa na kikao cha kamati. Mwenyekiti wetu, mzee Amosi, alikuwa anasoma ajenda, nikaingia na nyavu kichwani, mafungu mawili yaliyobaki. Watu wakafikiri nimekamata mtu. Wakapiga makofi! Mzee Amosi akasema, "Hongera, Mama Rebeka. Za nani hizi?"

Nikasema, "Zangu."

Akacheka. Nikasema tena. Akaacha kucheka, akavua miwani, akaniuliza, "Na yule kijana wa Geita?"

"Mtoto wa kaka yangu. Nilimtuma mimi."

Mama mmoja ambaye mwaka jana nilichoma nyavu za mumewe alikuwa amekaa mbele yangu. Nilitegemea anitukane. Alisimama tu, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Ningependa angenitukana.

Mzee Amosi alinisindikiza mwenyewe kwa afisa uvuvi, akaniacha mlangoni, hakuniaga. Nimeandika maelezo polisi. Nimedhaminiwa mpaka Ijumaa na Lusia na mumewe. Abel hawakumwachia siku ileile, wanasema na yeye ana lake la kujibu maana alikuwa anavua. Lakini sasa ana wakili wa msaada, na amehamishwa kutoka kwenye karatasi ya mwenye nyavu.

Nilimwona. Alikasirika, kaka. Mimi nimekaa kwenye benchi nalia, yeye ananigombeza: "Shangazi, nilishakaa miezi mitatu, ingekwisha! Sasa tumekuwa wawili!"

Mwambie Melania kwamba sijui nimwambie nini.

Scolastika


Tinde, 5 Novemba 2023

Mdogo wangu Scolastika,

Mhola? Wanasema barua za gerezani husomwa na askari kabla hazijakufikia. Kwa hiyo askari nawe, salaam, na mvua njema.

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Tumelima kwa ng'ombe eneo lote la juu. Yule ndama wako sasa ni mkubwa, ana kichwa kigumu.

Abel alifika nyumbani tarehe ishirini na tisa Oktoba, siku nne baada ya hukumu. Yeye amepewa kifungo cha nje, lazima aripoti kila wiki, na kazi za jamii atafanyia hukohuko kwenu. Nilisikia maneno ya hakimu alipokupa wewe miezi sita. Nilikuwa nimekaa nyuma. Alisema mjumbe wa kamati ndiye aliyepaswa kujua kuliko wote. Ulisema, "Ndiyo, mheshimiwa," kwa sauti ile uliyokuwa unamjibia baba. Wakakupitisha mlango wa pembeni.

Abel alikaa siku saba. Hakulala ndani, alitandika nje barazani. Na mimi alikuwa hanisemeshi vizuri. Siku ya tano alinifuata malishoni akasema, "Baba, shangazi amefungwa kwa sababu wewe ulikuja."

Nikamwambia, "Shangazi yako amefungwa kwa sababu alinunua nyavu."

Akasema, "Na mimi nilikubali kuvua nazo."

"Ndiyo."

Baadaye akaniambia anarudi Nyakasonge. Si kwa ajili ya kuripoti tu: Mageni amejisalimisha na watu wako wa dagaa wametawanyika, mtumbwi mpana umelala ufukweni na mbao zinaanza kupasuka kwa jua. Anataka kuuingiza majini siku za giza zikianza. Wavu wa dagaa umekaguliwa, mzee Amosi ameweka muhuri. Na Lusia ana mdogo wake wa kiume aliyeahidi kumfundisha kuogelea pale kwenye maji ya watoto. Abel amesema hatapanda chombo mpaka aweze kufika boya la kwanza na kurudi. Ameapa mbele ya mama yake.

Sikumzuia, Scolastika. Nilishamtoa mahali pamoja kwa nguvu, nikampeleka pengine kwa nguvu. Huko amechagua mwenyewe.

Sasa Melania. Najua ndiye unayemngoja kwenye karatasi hii.

Hakunisemesha kuanzia Julai mpaka Septemba, isipokuwa "chakula" na "mlango". Jina lako hakulitaja. Nilijua amekufuta. Jana usiku Abel alipofunga begi lake, Melania alitoka chumbani na begi lake pia. Nikamuuliza unakwenda wapi na goti hilo. Akasema, "Nyakasonge. Meza za kuanikia dagaa za Scolastika anazilinda nani?" Nikasema huijui kazi hiyo. Akasema, "Nimechambua mchele miaka thelathini na moja, dagaa watanishinda?"

Wameondoka leo alfajiri kwenye lori la Marselino, yeye amekaa mbele, Abel juu ya magunia matupu. Atakaa kwenye nyumba yako mpaka utoke. Mimi nimebaki na ng'ombe, najipikia ugali, unaungua.

Ameuliza siku za kutembelea wafungwa, Abel akamwambia ni Jumapili. Anasema kwanza atakusema mpaka maneno yamwishie, na usimkatishe, ana ya Nyarugusu, ya uongo wangu na wako, na ya miezi mitatu mtoto wake alipokuwa ndani nawe unamtumia pole ya goti. Akimaliza ndipo atakufungulia chakula. Amekupikia karanga za kusaga na viazi vitamu, amevifunga kwenye kanga yake mpya, ile ambayo hata mimi sijamwona ameivaa.

Kaa ule.

Kaka yako,
Ndaki